Miraba Usoni mwa Mdogo Wangu

Jumatatu, 4 Novemba

Uso wa mdogo wangu umevunjika tena jioni hii, katikati ya habari za mafuriko. Kidevu kwanza. Kisha shavu la kushoto likahamia sikioni. Kisha miraba mitupu, kama sakafu ya hospitali. Sauti nayo ikawa inakatika: “Wakazi wa— wa— wameshauriwa kuha—” Halafu kimya, na picha ikaganda yeye akiwa amefumba jicho moja.

Ingenipasa kusikitika. Sikusikitika. Naandika kama ilivyokuwa.

Baba alisikitika kwa niaba yetu sote wawili. Alikuwa amekwisha kuvaa koti. Huvaa koti kwa ajili ya taarifa ya habari. Fundi cherehani, hata akistaafu, hawezi kumpokea mtu akiwa na fulana, ijapokuwa mtu mwenyewe yumo ndani ya kioo. Mdogo wangu akisema “habari za jioni”, Baba hujibu, “Njema, mama, za huko?” Kisha huanza kukagua. Bega limekaaje. Kola ina mkunjo au haina. Nchi nzima ikizama leo, Baba ataniambia kesho kwamba pindo lilikuwa zuri.

“Mwalimu,” akaniita. Mdogo wangu ni “mama”, mimi ni “Mwalimu”, ati kwa kuwa nafundisha mantiki chuoni. “Mwalimu, hiki king'amuzi chako kinamfanyia nini mtoto?”

Chako! Kikionyesha vizuri ni cha nyumba. Kikiharibika ni changu.

Jumanne, 5 Novemba

Amepiga simu. Sikuzungumza naye mimi. Nilikuwa nasahihisha tasnifu chumbani, na mlango ulikuwa wazi. Kwa nilivyosikia: ana chumba cha ziada, kina dirisha kubwa, Baba ahamie huko. Atakuja na gari Jumapili ya tarehe kumi na saba kusikia jibu.

Baba alisema atafikiri.

Alipokuja jirani mwenye saluni, yule asiyebisha hodi, Baba akamwambia yote kana kwamba mimi ni kabati. Huko kwa mtoto kuna dishi, alisema, picha haikatiki hata mvua inyeshe vipi. Na yeye asipomwona mwanawe hapa, itabidi amfuate huko huko.

“Nenda, mzee wangu, ukale maisha!” akasema jirani. “Huyu Mwalimu atakulisha vitabu tu.”

Wakacheka. Mimi pia nilicheka, nikiwa wa mwisho kuanza na wa kwanza kumaliza.

Tangu Mama alipofariki Baba anaishi nami. Mimi ndiye ninayejua goti lipi humuuma wingu likitanda. Mimi ndiye ninayejua kwamba hawezi kulala mlango wa stoo ukiwa wazi. Na aondoke kwa sababu ya miraba? Haiwezekani. Yaani— inawezekana, ndiyo maana naandika.

Kasoro ya kiufundi ina chanzo. Chanzo hupatikana kwa kuondoa kimoja na kuacha vingine kama vilivyo. Kazi hii ndiyo inayonilisha. Nitakitafuta.

Alhamisi, 7 Novemba

Nilichokwisha kukifanya: nimezima king'amuzi, nikachomoa waya wa umeme, nikakiacha kipoe. Hakuna mabadiliko. Nimekaza kichwa cha waya wa antena nyuma yake. Hakuna. Nimebadilisha waya unaokiunganisha na televisheni. Hakuna. Nimetafuta chaneli zote upya; zimerudi zilezile, pamoja na ile ya mahubiri ambayo Baba alinituhumu kuificha.

Nilichokiona: mchana picha ni safi. Jioni inaoza. Na chaneli zote huoza, si ya mdogo wangu peke yake, ila Baba haoni za wengine. “Hao waache wakatike,” anasema.

Ndani ya menyu ya king'amuzi kuna mistari miwili: nguvu ya mawimbi, na ubora wa mawimbi. Jioni hii mstari wa nguvu ulijaa karibu wote. Wa ubora ulikuwa chini kabisa, mwekundu, ukitetemeka. Kumbe ni vitu viwili tofauti! Kitu kinaweza kufika kwa kishindo na kisieleweke. Nawafahamu watu wa namna hiyo. Mmoja analipwa mshahara kwa ajili hiyo, na juu ya hayo hupakwa poda.

(Sentensi hii ya mwisho si ya haki. Nimeisoma tena. Haifutwi.)

Ijumaa, 8 Novemba

Baba amemwita fundi bila kuniuliza. Mtaa unamwita Injinia, na yeye huitika. Akaja na ngazi, na miwani ya jua ambayo hakuivua hata ndani.

Akatazama king'amuzi kwa umbali, mikono kiunoni.

“Mwalimu, hapa tatizo ni mnara.”

Nikamuuliza mnara umefanya nini.

“Umechoka.”

Nikamuuliza mnara huchokaje. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayelazimika kumweleza mtoto habari za kifo. “Si unarusha watu kutwa nzima?”

Akafunga busta, kijisanduku cha kuongeza nguvu ya mawimbi, kati ya antena na waya. Mstari wa nguvu ukajaa pomoni. Wa ubora ukashuka zaidi. Ilikuwa kama kumpa kipaza sauti mtu mwenye kigugumizi. Nilimwonyesha. Akasema niupe muda uzoee.

Kisha akaiona picha ya ukutani. “Ala! Huyu wa kwenye habari ni dada yako? Mbona hamfanani hata kidogo?”

“Ni mdogo wangu.”

“Basi uzuri ulichelewa gari, ukaja na la pili!”

Baba alicheka hadi akakohoa. Nikamletea maji. Alikunywa akiwa bado anacheka, huku ameushika mkono wa Injinia.

Alipotoka tu, nikaing'oa busta.

Jumapili, 10 Novemba

Jambo limetokea. Nalieleza kwa utaratibu.

Taarifa ya habari ilikuwa imeanza, nami nilikuwa chumbani, mezani pangu. Baba akapiga kelele: “Ameganda! Mwalimu, ameganda!” Nikainuka, nikatoka kwa mlango wa nyuma hadi kwenye bomba linaloshika antena, chini ya dirisha la sebule. Kabla sijaligusa— “Hapo hapo! Usisogee!”

Nikasimama. Kupitia dirishani niliuona uso wa mdogo wangu, mzima, umelainika kama tambi iliyoiva. Nikarudi mezani. Miraba. Nikatoka. Safi. Nikarudi. Miraba. Nikatoka tena.

Hitimisho: mwili wangu ukisimama pale huyasaidia mawimbi. Nimesoma kwamba mwili wa mtu una maji na chumvi, na huweza kuyazuia mawimbi au kuyaelekeza. Si jambo la ajabu.

Basi nilisimama hadi mwisho wa taarifa. Nilimtazama mdogo wangu nikiwa nyuma ya mgongo wa Baba. Jirani naye alikuwamo ndani, kwenye kiti changu.

“Mwalimu amekuwa antena!” akasema. “Elimu haina mwisho jamani!”

Jumatatu, 11 Novemba

Nje tena. Manyunyu. Baba alinipitishia kigoda dirishani. “Ukichoka kaa, lakini usihame,” akasema. Kisha akarudi haraka asipitwe na habari za michezo, ambazo hazipendi, ila mdogo wangu ndiye anayezisoma.

Alidhani huo ni wema. Na ulikuwa wema, ndilo linaloniudhi.

Hebu niliweke wazi. Nikiwa ndani, yeye huvunjika. Nikiwa nje, yeye hutulia. Ili mmoja aonekane sebuleni mwa Baba, sharti mwingine asiwemo. Nimefundisha mantiki nusu ya umri wangu, na sijapata kuona hoja iliyonyooka kiasi hiki, wala iliyonidhalilisha kiasi hiki.

Tulipokuwa wadogo ilikuwa hivyohivyo. Yeye aliimba wageni wakija. Mimi nilishika taulo la kumfutia jasho. Hakuna aliyeniambia nilishike. Nilikuwa tu na mkono uliokuwa wazi.

Alikuwa na kola ya buluu leo. Baba aliisifu mara nyingi. Mimi nilivaa koti la mvua. Halikukaguliwa.

Jumatano, 13 Novemba

Nimekosea! Tangu Jumapili nimekosea, na kosa lenyewe ni lile ninalowakataza wanafunzi wa mwaka wa kwanza: hiki kimekuja baada ya kile, basi kile ndicho chanzo.

Ilikuwa hivi. Baba aliniita nikiwa katikati ya sentensi ya mwanafunzi isiyokuwa na kitenzi. Nikainuka kwa hasira, nikatoka mbio, nikasimama palepale penye bomba. Miraba.

“Mwalimu, umesimama kweli?”

“Nimesimama!”

“Umesimama vizuri?”

Kuna namna ngapi za kusimama? Nikahamisha miguu. Nikainua mikono. Jirani alinipigia makofi kutoka kwenye ukuta wake. Bado miraba. Mwili wangu ulikuwa uleule, bomba lilelile, saa ileile. Basi kipi kilikuwa tofauti?

Nikageuka. Dirisha la chumba changu lilikuwa linang'aa. Kwa kawaida siachi taa ikiwaka nikitoka, hata nikienda kunywa maji. Ni tabia, karibu ni dini. Leo hasira ilinisahaulisha.

Nikaingia chumbani, nikaizima taa ya mezani. Kutoka sebuleni: “Hapo hapo! Usisogee!” Nami nilikuwa ndani!

Nikaiwasha. “Aaa, umesogea!” Nikaizima. “Ehee!”

Waya wa antena hupita dirishani mwangu na kuzunguka nyuma ya meza. Taa ni ya LED, ya bei rahisi, na ndani ya kitako chake mna kitu kinachotoa makelele ambayo sikio halisikii lakini king'amuzi kinasikia. Haikuwa mnara. Haikuwa mwili. Ilikuwa taa ninayosomea, kila jioni, kuanzia giza linapoingia.

Na taa hiyo nimeipata wapi? Nimeletewa. Kutoka mjini, ndani ya mfuko wa karatasi wenye utepe. “Dada, usiharibu macho na tasnifu za watu.”

Mwenyewe kaja kujizima kwa mkono wake! Nilicheka peke yangu, mkono kinywani. Hakikuwa kicheko cha heshima.

Sijamwambia Baba.

Alhamisi, 14 Novemba

Niliiwasha. Sikuwa na cha kusahihisha. Tasnifu nimezimaliza jana. Niliketi mikono magotini, taa ikiniwakia, nikimsikiliza akivunjika. “Wazi— waziri wa— ame—” Ilikuwa tamu. Siwezi kutumia neno jingine.

Baba aliita mara moja tu. Nikajibu kwamba naumwa mguu, siwezi kusimama nje. Hakubisha. Nilipochungulia, alikuwa anafungua vishikizo vya koti, kimoja kimoja, kutoka chini kwenda juu, kama alivyokuwa akimvua mteja nguo ya kujaribisha. Akalikunja, akaliweka mapajani. Televisheni ilikuwa bado inakohoa miraba. Hakuizima.

“Basi,” akasema, si kwangu. “Jumapili nitaenda tu.”

Ona sasa mtego. Nikiiacha taa, ataondoka amfuate. Nikiizima, atabaki— amtazame. Kwa vyovyote vile anayetazamwa ni yeye. Mimi nachagua tu iwapo nitakuwapo chumbani akitazamwa.

Nilidhani chaguo la pili ni jepesi kulipima. Nimelipima tangu magharibi. Halipimiki.

Jumamosi, 16 Novemba

Sikuiwasha. Nilimaliza kazi yangu mchana, kisha nikaenda sebuleni kabla jirani hajakikamata kiti changu. Nikaketi kando ya Baba. Alishangaa kidogo, akasogeza miguu.

“Husimami?”

“Sisimami.”

Akanitazama kama anatazama kitambaa asichokiamini. Habari zikaanza. Picha ikatulia tangu mwanzo hadi mwisho, safi, kila unywele mahali pake. Baba alijibu salamu. Alinyoosha kidole: bega lile la koti, amelilegeza yeye mwenyewe, mdogo wangu alipokuja mara ya mwisho. Sikujua. Walilifanya lini? Mimi nilikuwa wapi? Chumbani, bila shaka, na kazi za watu.

Niliona nisilopata kuliona nikiwa nje. Kabla ya jina gumu, yeye humeza mate. Kidogo sana. Kisha hulitamka kwa ulaini kana kwamba amezaliwa nalo. Alikuwa akimeza hivyo hivyo kabla ya kuwaimbia wageni. Nilikuwa nimesahau. Sitaki kulikumbuka sana. Nikilikumbuka sana sitaweza kumwonea wivu kwa kiwango kinachostahili.

“Kumbe mnara umepona,” akasema Baba mwishoni. “Yule Injinia ni kijana hodari.”

Injinia! Busta yake imo ndani ya droo, pamoja na betri zilizokufa! Nilifungua kinywa nimweleze: taa, waya, jaribio, ushahidi wote. Baba alikuwa amekwisha kusinzia, akiwa na koti lake.

Basi nimewaonea wivu wawili kwa jioni moja.

Kuhusu kesho hakusema lolote. Begi lake liko juu ya kabati. Limepanguswa vumbi. Sikulipangusa mimi.

Jumapili, 17 Novemba

Naandika haraka, wako sebuleni.

Alifika mchana. Bila poda ni mdogo kuliko kwenye kioo, na ana kipele kidevuni. Nilikifurahia kipele hicho kwa muda wa kuvua viatu vyake. Kisha akanikumbatia, naye alikuwa na jasho la safari, na alikuwa ananukia Mama. Si haki.

Alinifuata jikoni. Akala wali wa jana akiwa amesimama, kwa mkono, kutoka kwenye sufuria, kama zamani. “Dada, nikimpigia Baba simu unajua ananiambia nini? Mwalimu kasema hivi, Mwalimu kasema vile. Mwalimu kamkosoa daktari. Mwalimu kasoma barua ya serikali akaikuta ina makosa. Nachoka mie! Siku moja aniulize na mimi nimesema nini. Anachojua ni kola.”

Nilimwambia anatia chumvi. Akasema, “Muulize mwenyewe.” Sikuamini. Nimeirudia kauli hiyo kichwani kutafuta kasoro yake. Bado naitafuta.

Baada ya chakula akauliza, mbele ya Baba: “Haya, Baba. Nimekuja na gari. Umeamuaje?”

Nilikuwa nimejiandaa. Nikasema kwamba kuhama kulitegemea picha mbovu. Picha si mbovu tena. Chanzo nimekigundua mimi, ni taa ya mezani, si mnara wala Injinia, na sitaiwasha tena wakati wa habari. Kwa hiyo sababu ya kuhama haipo. Nilizungumza vizuri. Hakukuwa na tundu hata moja.

Mdogo wangu akaduwaa. “Taa yangu?” Kisha akacheka, akashika tumbo. “Jamani! Nimejizima mwenyewe! Lakini dada— kwani Baba anahama kwa ajili ya televisheni?”

Baba hakucheka. Alikuwa anaukunja na kuukunjua ukingo wa kitambaa cha meza, kama anautafutia pindo.

“Mwalimu,” akasema, “huyu amenipigia simu, akaniomba. Njoo, Baba, ukae nami. Amesema kwa mdomo wake. Wewe umetengeneza king'amuzi.”

Nikasema nimekitengeneza ili abaki.

“Hilo umelisema sasa hivi. Na umelisema kama unamsahihisha mtu.” Akauacha ule ukingo. “Mimi sikuulizi habari ya picha. Nakuuliza wewe. Unataka nini?”

Wote wawili wakanitazama. Nikasema ngoja nilete miwani yako. Miwani yake ilikuwa usoni mwake.

Ndipo nilipo sasa, chumbani.

Nimejaribu kuandika kwanza kile nitakachokwenda kusema. “Baba, kwa kuwa umeishi hapa kwa muda mrefu, na kwa kuwa hospitali iko karibu—” Nimekata. “Baba, ingefaa zaidi iwapo—” Nimekata. “Baba, nadhani—” Sidhani. Kudhani silo neno lenyewe.

Sentensi ninayoitafuta haina “kwa kuwa”. Haina “kwa hiyo”. Inaweza kukataliwa bila mtu kutoa sababu, na sina cha kuitetea nayo. Sijapata kwenda mbele ya mtu nikiwa na sentensi ya namna hiyo.

Mdogo wangu anasema kitu kwa sauti ya chini. Kiti kimesukumwa. Nyayo— ni zake, za goti bovu— zinakuja huku, au zinaelekea mlango wa mbele, kutoka hapa siwezi ku—